Umbo la Kiwambo na Hukumu ya Macho Mawili

Mtu akisimama ndani ya nyumba yake hapa Mosocho asubuhi, hatua mbili tatu kutoka mlangoni, akaitazama migomba iliyo nje ya ua, kisha akafumba jicho la kushoto akalifumbua, na akafumba la kulia akalifumbua, ataona jambo ambalo pengine hajapata kulitia maanani maisha yake yote. Mgomba ulio karibu na mwimo wa kushoto wa mlango, ambao jicho la kulia linauona mzima, kwa jicho la kushoto unakatwa na mwimo ukabaki nusu; na ule ulio karibu na mwimo wa kulia, jicho la kushoto ndilo lililojaaliwa kuuona mzima, ilhali la kulia limenyimwa sehemu yake. Akiyarudia hayo huku akikiangalia kizingiti cha juu na cha chini, hataona unyimaji wa namna hiyo hata kidogo, kwa kuwa macho ya binadamu yamewekwa ubavu kwa ubavu wala si moja juu ya jingine, na kinachofichwa na kizingiti hufichwa kwa macho yote mawili sawasawa.

Jambo hili, lisilohitaji chombo wala gharama, ndiyo asili ya mjadala ambao watengenezaji wa sinema za 3D wamekuwa nao kwa muda wa miaka sabini na zaidi, nao ni mjadala juu ya umbo la kiwambo: kiwe kipana au kirefu, kiwe kimenyooka au kimepinda, na mtazamaji aketi wapi mbele yake. Katika sinema ya kawaida ukingo wa kiwambo ni mpaka tu, pahali picha inapokomea na giza la ukumbi linapoanza. Lakini katika sinema ya 3D, ambayo kila jicho hupewa picha yake mbali na ya mwenzake ili akili iziunganishe na kuona kina, ukingo ule huwa shahidi. Kwa maana akili, kabla ya kusadiki kwamba kitu kimetoka nje ya kiwambo au kimerudi nyuma yake, huziuliza kwanza zile kingo mbili za ubavuni, kama vile ambavyo miimo ya mlango ilituambia kwamba migomba iko nje wala haiko ndani.

Maarifa ya kale na picha zilizokaribia mraba

Elimu ya macho mawili si ya jana. Abu Ali al-Hasan ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra na kufa Misri yapata mwaka 1040, katika kitabu chake mashuhuri cha Kitab al-Manazir alieleza jaribio la ubao mwembamba uliochongwa pahali pa kuingia pua, ukachorwa mistari na kuwekwa vialama, ili mtu auweke mbele ya uso na kuchunguza ni lini kitu huonekana kimoja na ni lini huonekana viwili. Ikawa karne nyingi zimepita hata mwaka 1838 ndipo Mwingereza Charles Wheatstone alipoieleza Jumuiya ya Kifalme ya London namna picha mbili bapa, zilizochorwa kwa tofauti ndogo ile ile iliyopo baina ya jicho na jicho, zinavyoweza kuunganishwa kwa vioo zikawa umbo moja lenye kina. Baada yake David Brewster alitengeneza kisanduku cha lenzi mwaka 1849, na mwaka 1861 Mmarekani Oliver Wendell Holmes akakibuni kile chombo chepesi cha kushikwa mkononi kilichoenea katika sebule za Ulaya na Marekani.

Mwenye kuzichunguza kadi zilizotazamwa kwa vyombo hivyo ataona kwamba nyingi zilikuwa na upana wa milimita 178 na kimo cha milimita 89, na juu yake zimebandikwa picha mbili, kila moja ikikaribia kuwa mraba, na aghalabu zikiwa zimekatwa juu kwa umbo la tao. Umbo hilo halikuwa la mapambo. Nafasi baina ya mboni za macho ya mtu mzima ni kama milimita 63 au 65, na kwa kuwa picha ya kila jicho lazima ikae takriban mbele ya jicho lake, upana wa picha hauwezi kuongezwa sana bila ya kuyalazimisha macho yatengane kwenda nje, jambo ambalo hayakuumbwa kulifanya. Kimo, kinyume chake, hakikuwa na kizuizi hicho. Kwa hiyo mfupa wa fuvu la kichwa ndio uliokata shauri juu ya umbo la picha, na mafundi wa zama zile wakautii.

Nchi yetu yenyewe ilipata kuingia katika kadi hizo. Theodore Roosevelt, mara tu baada ya kutoka katika urais wa Marekani, aliteremka Mombasa mwezi wa Aprili mwaka 1909 kwa safari ya uwindaji, na kampuni ya Underwood & Underwood ikachapisha na kuuza kadi za picha pacha za safari yake, hata mtu aliyekaa Chicago, asiyejua kama Afrika Mashariki iko juu au chini ya ramani, akaweza kuziona nyika zetu zikiwa na mbele na nyuma. Desturi ya mraba haikukoma kwa kadi: kichezeo cha View-Master kilichotolewa mwaka 1939, chenye kisahani cha picha ndogo 14 zinazofanya jozi saba, na kamera ya Stereo Realist iliyouzwa kuanzia mwaka 1947, vyote viwili vilibaki katika umbo lililokaribia usawa wa pande zote. Kwa muda wa karne moja, basi, picha yenye kina ilikuwa ni picha ya mraba.

Simba wa Tsavo na vita vya upana

Tarehe 26 Novemba 1952, mjini Los Angeles, ilifunguliwa sinema iliyoitwa Bwana Devil, iliyotungwa na kuongozwa na Arch Oboler, ambayo huhesabiwa kuwa sinema ndefu ya kwanza ya rangi ya Kimarekani iliyoonyeshwa kwa 3D. Kisa chake kilitokana na habari za simba wala watu waliowatesa wajenzi wa reli ya Uganda huko Tsavo mwaka 1898, ingawa sehemu kubwa yake ilipigwa California. Watazamaji walivaa miwani ya kuchuja nuru, projekta mbili zikaendeshwa kwa pamoja, na kiwambo kikapakwa rangi ya fedha, kwa sababu nuru iliyochujwa ikipiga kitambaa cheupe cha kawaida huvurugika, na picha ya jicho hili ikapenya katika jicho lile. Watu walimiminika kuitazama, na kwa muda wa mwaka mmoja na ushei Hollywood nzima ilidhani imepata riziki mpya.

Kiwambo cha sinema hiyo kilikuwa cha umbo la kale, yaani upana ukizidi kimo kwa kiasi cha 1.37 kwa 1. Lakini miezi miwili kabla yake, tarehe 30 Septemba 1952, ilikuwa imeonyeshwa New York sinema ya Cinerama, iliyotumia projekta tatu na kiwambo kilichopinda kwa digrii 146 hata kikamzunguka mtazamaji. Na mwezi wa Septemba mwaka 1953 kampuni ya Fox ikatoa The Robe kwa mtindo wa CinemaScope, wenye upana wa 2.55 kwa 1, huku ikiwatangazia watu kwamba huo ni muujiza unaoonekana bila miwani. Upana ukashinda. Kufikia mwisho wa mwaka 1954 sinema za 3D zilikuwa zimefifia, na kumbi nyingi zilikwisha kubomoa viwambo vyake vya zamani na kutundika vipana.

Ni kweli kwamba miwani ilichosha, na projekta mbili zikipishana hata kwa kitambo kidogo ziliwaumiza watazamaji vichwa. Lakini naamini kuwa kosa kubwa zaidi, ambalo lilirudiwa tena zama zetu, lilikuwa ni kudhani kwamba kina na upana ni ndugu wa tumbo moja, na ya kuwa kiwambo kinachofaa kwa hiki hufaa kwa kile. Hesabu yenyewe inakataa.

Hesabu ya upana na kimo

Tuchukue viwambo vitatu ambavyo pembe kwa pembe vyote vina sentimita 100. Cha kwanza, cha uwiano wa 4 kwa 3, kina upana wa sentimita 80 na kimo cha 60. Cha pili, cha 16 kwa 9, ambao ndio uwiano wa televisheni za siku hizi, kina upana wa 87 na kimo cha 49. Cha tatu, cha 2.39 kwa 1, ambao ni uwiano wa sinema nyingi kubwa, kina upana wa 92 na kimo cha 39. Muuzaji atakuambia kwamba vyote ni sawa kwa kuwa kipimo cha pembe kwa pembe ni kimoja. Lakini kutoka cha kwanza hadi cha tatu umepata sentimita 12 za upana na kupoteza 21 za kimo, na eneo zima la picha limepungua kwa zaidi ya robo.

Sasa mweke mtu ndani ya kiwambo hicho, umtoe mbele ya watazamaji kama sinema za 3D zipendavyo kufanya. Akiguswa na ukingo wa ubavuni, jicho moja litamwona amekatwa zaidi kuliko jingine, tena kwa mpango uliopinduka na ule wa migomba mlangoni. Macho yatasema yuko mbele ya kiwambo, ukingo utasema yuko nyuma yake, na akili iliyoletewa mashahidi wawili wanaopingana itaamua kwa kuumwa na kichwa. Kiwambo kipana husaidia hapa, kwa kuwa kingo za ubavuni ziko mbali. Lakini kiwambo kipana ni kifupi, nacho humkata mtu yule kiunoni au kifuani na kumbana utosini. Na ijapokuwa mkato wa chini hauyagombanishi macho mawili baina yao, mtu aliyekatwa kiunoni na ukingo hasimami mbele yetu kwa ukamilifu, bali huonekana kama amenaswa na ukuta ule ule aliotakiwa kuupita. Kiwambo kirefu humwonyesha kutoka unyayo hadi utosi, kikamwachia na nafasi ya hewa pande zote, na hapo ndipo kina chake husadikika.

Wapo watakaosema kwamba upana ndio umbo la asili ya macho, kwa kuwa macho yenyewe yamekaa kwa upana. Hoja hiyo ni sahihi kwa kuona tu, si sahihi kwa kuona kina. Macho mawili kwa pamoja huona eneo la digrii kama 200 kutoka ubavu hadi ubavu. Lakini kina hupatikana pale tu macho yote mawili yanapokutana, na eneo hilo la makutano lina upana wa digrii kama 120, ilhali kimo cha mwono wa binadamu ni digrii kama 130. Eneo la kina, basi, linakaribia kuwa duara, na kiwambo kinachotaka kulijaza hakina budi kukaribia mraba. Filamu kubwa za IMAX zilitengenezwa kwa uwiano wa 1.43 kwa 1, na ndiyo sababu zilisifika sana kwa 3D: kingo zake zote nne husogezwa pembeni mwa mwono, hata yule shahidi mgomvi asisikike. Kumbi mpya za kidijitali za jina hilo, kama ule uliofunguliwa Nairobi katika jengo la 20th Century, hutumia 1.90 kwa 1, ambao ni mpana zaidi lakini bado una kimo cha kutosha.

Waongozaji wenye busara waliligundua hilo kwa vitendo. James Cameron aliposambaza Avatar mwezi wa Desemba mwaka 2009, aliitoa kwa maumbo mawili, 2.39 kwa kumbi ambazo kiwambo chake hupanuka kwenda ubavuni, na 1.78 kwa kumbi ambazo kiwambo hurefuka kwenda juu, ili kila ukumbi upate eneo kubwa kadiri uwezavyo. Naye Ang Lee katika Life of Pi ya mwaka 2012 alifika mbali zaidi: katika tukio la samaki warukao, aliipunguza picha kimo kwa makusudi akaacha pau nyeusi juu na chini, kisha akawaacha samaki wapite juu ya pau zile, hivi kwamba mtazamaji aliwaona wakivuka mpaka uliokubalika na kuingia ukumbini. Pale ukingo haukupuuzwa wala haukufichwa, ulitumikishwa.

Kuna na hesabu nyingine isiyosamehe. Tuseme sinema imetayarishwa kwa kiwambo cha upana wa mita 10, na milima ya nyuma kabisa imepewa tofauti ya milimita 65 baina ya picha ya kushoto na ya kulia, sawa na nafasi ya macho, ili ionekane iko mbali upeo wa macho. Sinema hiyo hiyo ikitiwa katika kiwambo cha mita 20, tofauti inakuwa milimita 130, na macho yanaambiwa yatengane kwenda nje. Ikitiwa katika televisheni ya upana wa mita moja, tofauti inashuka hadi milimita 6.5, na milima ile inasogea karibu na kioo. Sinema ya 3D ni kama nguo iliyoshonwa kwa kipimo cha mwili mmoja: haivaliki na kila mtu. Na kipimo kinachohusika ni upana peke yake, wala si kimo, kwa hiyo kila anayepanua kiwambo pasipo kuijali sinema iliyomo huyavuta macho ya watu bila ya kujua.

Kiwambo kilichopinda

Kwa habari ya mpindo, ukweli uko katikati ya wanaousifu na wanaoulaumu. Kiwambo cha rangi ya fedha kina tabia ya kurudisha nuru nyingi katikati na kidogo pembeni, na nuru katika 3D ni adimu; kumbi za kawaida hupimiwa mwangaza wa kandela 48 kwa kila mita ya mraba, lakini miwani na vichujio vikishachukua sehemu yao, mtazamaji wa 3D huridhika na 15 hivi. Kukipinda kiwambo kidogo huirudisha nuru kwenye viti badala ya kuipoteza ukutani, na huo ni wema wa kweli. Aidha, aliyeketi pale penye kitovu cha mpindo hupata kila sehemu ya kiwambo ikiwa kwa umbali mmoja kutoka kwake.

Lakini kitovu ni kimoja na watazamaji ni wengi. Aliye pembeni huona ubavu ulio upande wake umejikunja ukambana, ule wa mbali umemwelekea uso kwa uso, na mistari iliyonyooka imekuwa upinde. Juu ya hayo, kingo za kiwambo kilichopinda humsogelea mtazamaji huku sehemu yake ya katikati ikirudi nyuma, kwa hiyo ule mlango ambao picha hupimwa nao haupo tena kwa umbali mmoja. Televisheni zilizopinda zilizoletwa sokoni kwa shangwe miaka ya 2013 na 2014 zilimfaa mtu mmoja aliyeketi katikati. Kwa jamaa nzima, na sembuse kwa benchi zima la vijana, kioo kilichonyooka ndicho chenye uadilifu zaidi.

Kwa upande wetu wa Gusii

Huenda msomaji akauliza haya yote yanamhusu nini mtu wa Mosocho, ambaye sinema yake ni ya kibanda cha video sokoni na mpira wake ni wa Jumamosi jioni. Yanamhusu, na kwanza kwa sababu amekwisha kuyaona mabadiliko ya umbo kwa macho yake. Zile televisheni za Great Wall, zilizowashwa kwa betri ya gari na kuukusanya mtaa mzima mbele ya kipindi cha Vitimbi, zilikuwa za 4 kwa 3. Na nchi ilipohamia mitambo ya kidijitali mwaka 2015, vioo vipana vikashika njia, na wengi wakaivuta picha ya zamani ijaze kioo kipya, nyuso za watu zikapanuka kwa thuluthi moja. Katika picha ya kawaida huo ni ubaya wa sura tu. Katika picha ya 3D, ile tofauti baina ya picha za macho mawili nayo huongezeka kwa thuluthi moja, na kina chote cha sinema kikaharibika. Ni aula, basi, kuziacha pau nyeusi ubavuni kuliko kuivuta picha.

Mpira wenyewe ulijaribiwa katika bara letu. Kombe la Dunia la Afrika Kusini mwaka 2010 lilipigwa kwa 3D katika mechi zipatazo 25, kwa ushirikiano wa FIFA na Sony, na matumaini yalikuwa makubwa kwamba kila sebule itataka kioo cha namna hiyo. Haikuwa hivyo: Samsung iliacha kuvitengeneza mwaka 2016, LG na Sony wakaacha mwaka 2017. Uwanja wa mpira ni mpana na uko mbali, na umbali hula kina. Kamera ikikaa juu ya jukwaa, kama ilivyozoeleka, macho yote mawili huona karibu kitu kimoja, na ikiteremshwa ili kina kipatikane, mashabiki wa mbele hukatwa na kingo za ubavuni, nao ndio wanaotokeza kuliko mfungaji. Umbo la mchezo na umbo la 3D havikupatana.

Kibanda cha video, ajabu ni kwamba, kina mambo mawili yanayofaa kuliko kumbi nyingi za fahari. La kwanza ni wembamba wake. Chumba cha mabati kilicho kirefu na chembamba, chenye mabenchi yaliyopangwa moja nyuma ya jingine, huwaweka watu wachache sana pembeni, na pembeni ndipo picha ya 3D huegama na kupotoka. Ila wa nyuma ajue kwamba kina huongezeka kwa kadiri ya umbali: aliye mbali mara mbili huona kina kilichovutwa mara mbili, na aliye mbele kabisa huona watu waliobanwa kama kadi. Katikati ndiko kwenye haki. La pili ni sauti ya mtafsiri. Wenzetu wengi wa Ulaya huandika tafsiri chini ya picha, na katika 3D maandishi hayo huleta fitina kubwa, kwani lazima yawekwe kwa kina fulani, na kila kinachotokea mbele yake huyagonga. Lakini sisi tuna desturi ya akina DJ Afro, wa kuisimulia sinema kwa mdomo, na sauti haina ukingo wala haipigani na macho.

Upungufu wa kibanda ni sakafu. Kwa kuwa mabenchi yote yako kwa usawa mmoja, wa nyuma huinamisha kichwa upande ili apite bega la aliye mbele, na kichwa kikiinama macho hayako tena ubavu kwa ubavu kulingana na picha. Jicho moja limepanda, jingine limeshuka, na zile picha pacha hazikutani. Mwenye kibanda anayetaka kuonyesha 3D siku moja akumbuke kuyainua mabenchi ya nyuma kabla ya kununua projekta.

Na kwa wanafunzi, njia iliyo karibu zaidi iko mfukoni mwa wazazi wao. Tangu Google walipotoa mwaka 2014 kile kisanduku cha karatasi ngumu chenye lenzi mbili kinachoitwa Cardboard, simu yoyote ya kisasa iliyolazwa ubavu imeweza kugawanywa nusu mbili, moja kwa kila jicho. Kioo cha 16 kwa 9 kikigawanywa hutoa nusu mbili za 8 kwa 9, na cha 20 kwa 9 hutoa nusu mbili za 10 kwa 9. Yaani teknolojia mpya kabisa imerudi, bila ya kushauriwa na mtu, katika umbo lile lile la kadi za Holmes.

Mwalimu wa fizikia katika shule kama Cardinal Otunga hapa Mosocho, au katika shule yoyote ya kutwa mlimani, aweza kulithibitisha hili kwa somo moja. Aiweke juu ya meza sanamu ya jiwe la sabuni la Tabaka, asimame kwa umbali wa mita mbili, apige picha, aisogeze simu kulia kwa sentimita sita na nusu bila ya kuigeuza, apige tena. Azichape picha hizo kwa upana wa sentimita sita na kimo cha nane, aziweke pamoja, ya kushoto kushoto na ya kulia kulia, na awafundishe wanafunzi kuzitazama kwa macho yaliyolegea kana kwamba wanatazama ng'ambo ya karatasi, hata picha ya tatu itokee katikati, nayo ina kina. Kisha azikate upya kingo za ubavuni ziguse bega la sanamu, waone jinsi umbo lilivyosadikika sasa hivi linavyoanza kutikisika. Akipenda, apige na mandhari ya Manga kwa namna hiyo hiyo, ili watambue kwamba mlima ulio mbali hauongezewi chochote kwa macho mawili, na ya kuwa picha pana ya mandhari imestahili kubaki picha ya kawaida, ikaonyesha upana wake bila ya kudai kina.

Nasema haya kwa moyo wote kwa sababu naona serikali za kaunti, shule na vijana wenye mitaji midogo wakianza kujenga kumbi za maonyesho katika miji yetu, na katika kila mashauriano swali la kwanza huwa ni aina ya projekta na ukubwa wa kioo kwa inchi, kana kwamba inchi za pembe kwa pembe zinaeleza jambo lolote juu ya macho ya mtu. Waanze na ukuta wenye kimo, ulionyooka. Wafuatishe viti vya katikati vilivyoinuliwa kwa madaraja. Wachague picha zinazomweka mtu mzima ndani ya mpaka wake, asiguswe na ubavu. Miwani na mitambo ije mwisho, kwa kuwa hiyo hubadilika kila baada ya miaka michache, ilhali nafasi baina ya jicho na jicho haijabadilika tangu kuumbwa kwa binadamu.